Malale

Huko Kasokola, wilayani Mpanda, ambako misitu ya miombo ni maskani ya mbung'o tangu kale, jina malale, litokanalo na kulala, lahofiwa kwa haki. Walakini latamka nusu tu ya maradhi, kwani usingizi wa mgonjwa hauzidi sana, bali hutawanyika, akasinzia mchana na kukesha usiku. Mwaka 2018 maulamaa walibaini, kwa kuchunguza panya, kwamba tripanosoma, vimelea vya malale, huharakisha saa ya asili iliyomo mwilini, ipangayo kulala na kuamka. Kumwita mgonjwa huyo mvivu, basi, ni dhuluma kubwa. Tushukuru kwamba vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa Uganda na Malawi, sasa vyashika mahali pa sindano kali za arseniki.