Kikohozi Kijifichacho

Wahenga waliposema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, naamini hawakuwa wakikifikiri kifaduro. Kwani maradhi hayo, ingawa mwishowe mvumo wa pumzi ya mtoto anayekabwa husikika hata nyumba ya jirani, huanza kwa sura ya mafua tu, na ni katika siku hizo za mwanzo, ilhali hakuna amdhaniaye mtoto kuwa na neno, ndipo yanapoambukiza kwa wepesi mno.

Guillaume de Baillou, tabibu wa Ufaransa, aliandika habari za kikohozi kilichowaandama watoto wa Paris mwaka 1578, na zikapita zaidi ya karne tatu kabla ya Jules Bordet na Octave Gengou kufaulu, mwaka 1906 mjini Brussels, kukiotesha kidudu chenyewe maabarani. Chanjo kadha wa kadha zikafuata, aghalabu dhaifu.

Waliolitia jambo hilo katika mizani ni wanawake wawili waliopata kuwa walimu wa shule, Pearl Kendrick na Grace Eldering, watumishi wa maabara ya serikali katika Grand Rapids, Michigan, mji uliosifika kwa samani zake. Mwaka 1932, dhiki ya uchumi ilipokuwa imeibana Marekani nzima, mabibi hawa walikuwa wakiimaliza kazi yao ya mchana, kisha jioni wakishika njia kwenda nyumba kwa nyumba, wamechukua sahani za kioo zenye chakula cha bakteria kilichotiwa damu, wakamwekea mtoto sahani mbele ya kinywa ili aikoholee. Na mara nyingi walifanya hayo kwa mwanga wa taa ya mafuta, huku baba mwenye nyumba, aliyekosa kazi, akiwasimulia mashaka yake. Nakiri kwamba elimu ya namna hii, iingiayo kwanza nyumbani mwa maskini ndipo iingie vitabuni, naitukuza kuliko nyingine zote. Majaribio ya chanjo yao yalianza mwaka 1934, na fedha zilipokuwa haba walimwalika Eleanor Roosevelt, mke wa rais, naye akazuru maabara yao mwaka 1936, na baadaye wakapatikana wasaidizi wa kulipwa na serikali. Kisha akaja Loney Gordon, mwanakemia Mmarekani mweusi, aliyekwisha kuambiwa, alipotafuta kazi ya lishe, kwamba wapishi wasingekubali kuamriwa na mwanamke wa rangi yake. Yeye akapekua maelfu ya sahani akitafuta kidudu chenye ukali uliohitajiwa kwa chanjo, hata akakipata.

Chanjo hiyo ilipoenea, Marekani, iliyohesabu wagonjwa zaidi ya 200,000 mwaka 1934, ilihesabu elfu moja na ushei mwaka 1976. Mwaka uliofuata ndui ilimpata mtu wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida, mjini Merka, pwani ya Somalia. Mbona kifaduro hakikuifuata? Ndui humwandika mgonjwa usoni, na aliyepona huwa amekwisha kuachana nayo. Kifaduro humkalia mtu mzima kama kikohozi cha vumbi, akaenda nacho sokoni na harusini, na kinga yake, iwe ya chanjo au ya kuugua, huchakaa.

Tena wazazi ambao hawakupata kuusikia mvumo ule wakaanza kuihofu sindano kuliko maradhi. Nchini Uingereza, baada ya matabibu fulani mwaka 1974 kuituhumu chanjo kwamba hudhuru ubongo, tuhuma ambayo uchunguzi wa baadaye haukuithibitisha, watoto waliochanjwa walipungua hadi kama theluthi. Na Japani, iliyoisimamisha kwa muda mwaka 1975, ilipata wagonjwa wapatao 13,000 na vifo 41 mwaka 1979. Hapo Yuji Sato na wenzake wakabuni huko Japani chanjo ya vipande vya kidudu badala ya kidudu kizima. Homa baada ya sindano ikapungua, na kinga nayo ikawa fupi: mwaka 2010 jimbo la California huko Marekani, nalo likiitumia chanjo hiyo, lilipata wagonjwa zaidi ya 9,000, wakafa watoto wachanga 10. Miaka michache baadaye wachunguzi wa Marekani wakaonyesha kwamba nyani waliochanjwa kwa chanjo hiyo mpya hawakuugua, lakini kidudu kilikaa kooni mwao, kikawapata wenzao.

Oktoba 2012, vifo vya vichanga vilipozidi, Uingereza ilianza kumchanja mama angali mjamzito, ili kinga ipite katika damu yake na kumfikia mtoto tumboni, imhifadhi ile miezi miwili ya kuingojea sindano yake mwenyewe.