Je, Ugonjwa wa Alzheimer Unaweza Kuambukizwa Kupitia Matibabu?

Ukimhudumia bibi au mzazi mwenye ugonjwa wa Alzheimer, huenda umewahi kujiuliza: je, nami nitaupata? Na watoto wangu? Ninapotembelea familia nyumbani nimewahi kukuta bibi ametengewa sahani na kikombe, na wajukuu wamekatazwa kulala naye. Hofu huzidi watu wanaposikia kwamba Alzheimer imewahi kupita kwa njia ya matibabu. Habari hiyo ina ukweli, lakini haihusu sahani ya bibi.

Alzheimer ni nini?

Ni ugonjwa unaoharibu ubongo polepole. Protini iitwayo beta-amiloidi hujikusanya kati ya seli za ubongo, na nyingine iitwayo tau hujikusanya ndani ya seli. Seli hufa, na mgonjwa hupoteza kumbukumbu, maneno na uwezo wa kujihudumia.

Ni nini kilichotokea Uingereza?

Kati ya mwaka 1959 na 1985, watu wasiopungua 1,848, wengi wao watoto waliokuwa hawarefuki kwa kukosa homoni ya ukuaji, walidungwa homoni iliyotolewa kwenye tezi ya ubongo ya watu waliokufa. Tezi za maiti wengi zilichanganywa pamoja. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya dawa hiyo ilibeba prioni, protini zenye kasoro zinazosababisha ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huua. Tiba hiyo ikasimamishwa mwaka 1985.

Mwaka 2024, watafiti wa London wakiongozwa na John Collinge walieleza habari za watu wanane waliopata homoni hiyo utotoni na ambao hawakuwa na ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Watano kati yao walikuwa na dalili zinazolingana na Alzheimer, zilizoanza wakiwa na miaka 38 hadi 55, umri mdogo mno kwa ugonjwa huu. Watafiti waliona kwamba huenda beta-amiloidi iliingia mwilini pamoja na dawa, kwa kuwa walidungwa mara nyingi kwa miaka kadhaa. Ni watu wachache sana, na tiba yenyewe haitumiki tena.

Je, niogope matibabu ya leo?

*Homoni ya ukuaji.* Ya sasa hutengenezwa maabara, haitoki kwa maiti. Daktari akimwandikia mtoto wako, usiikatae kwa sababu ya hofu hii.

*Kuongezewa damu.* Nchini Sweden na Denmark watafiti walifuatilia zaidi ya watu milioni moja waliowahi kuongezewa damu. Waliopata damu ya wachangiaji waliougua dimenshia hawakuonekana kuugua zaidi ya wengine. Lakini mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa kukosa damu.

*Upasuaji wa ubongo.* Protini hizi hung'ang'ania vyuma na si rahisi kuziondoa. Ndiyo maana watafiti wanahimiza umakini mkubwa katika kutakasa vifaa vya upasuaji huo. Hilo ni jukumu la hospitali. Kama una wasiwasi, muulize daktari kabla ya upasuaji; ni haki yako.

Na kumhudumia mgonjwa nyumbani?

Huwezi kuambukizwa Alzheimer kwa kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha nepi, kula naye, kumbusu au kulala naye chumba kimoja. Nawa mikono kwa sabuni kama unavyofanya kwa mgonjwa yeyote.

Unachoweza kufanya

- Pima shinikizo la damu na sukari, zako na za mgonjwa. Vikiwa juu, fuata matibabu.
- Acha sigara, na fanya mazoezi hata ya kutembea.
- Mzee akichanganyikiwa ghafla, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Alzheimer huja polepole. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa kiharusi, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au sukari kushuka, na haya yanatibika yakiwahiwa.
- Omba ndugu wakupokee zamu. Mlezi naye huchoka.

Mgonjwa wa Alzheimer anaweza kusahau jina lako, lakini bado anajisikia mpweke akitengwa. Mrudishe bibi mezani, na waache wajukuu wakae karibu naye.