Jina, Sura na Mkono: Safari ya Darizi

Kitambaa kilichotiwa nakshi husomwa kabla ya kuvaliwa. Jicho likikutana nacho huuliza kwanza: hiki ni cha nani? Katika historia ya darizi, swali hilo limejibiwa kwa njia mbili zilizo mbalimbali, ya kwanza kwa jina na ya pili kwa sura. Kati ya hizo mbili kuna kitu cha tatu ambacho ni nadra kutajwa, nacho ni mkono ulioshika sindano.

Neno kutarizi lina asili ya Kiarabu, na ndani ya asili hiyo mna habari za utawala. Enzi za makhalifa wa Banu Umayya, za Banu Abbas, na za Mafatimi waliotawala Misri, palikuwa na karakana za dola zilizoitwa tiraz. Humo nguo za heshima zilitiwa utepe wa maandishi: jina la khalifa, dua ya kumwombea, na mara nyingine mahali na mwaka wa kazi. Aliyetunukiwa nguo hiyo alilibeba jina la mtawala wake mwilini. Sura haikuhitajika, jina lilitosha kuwa hadhi, na lilitosha kuwa amri.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilijenga sanaa yake juu ya ua na neno. Kofia za mkono za Unguja, Pemba, Lamu na Ngazija hazina sura ya mtu. Zina matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, yaliyopangwa yakawa maua, nyota na mawimbi, na kofia moja huweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Mara nyingi mmoja huchora na mwingine hushona. Nchini Omani kofia ya namna hiyo huitwa kumma, na udugu wake na ile ya Zanzibar hauhitaji shahidi. Kanga, kwa upande wake, ilichagua neno. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana kuhusiana na desturi ya kutia jina kwenye kanga, kisha misemo.

Sura ilikuja kuenea katika uzi kwa mlango wa mashine. Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, alikamilisha kitanda cha mfumi kilichoongozwa na kadi zilizotobolewa: palipo na tundu uzi uliinuliwa, pasipo na tundu ulibaki chini. Mwaka 1839, miaka mitano baada ya kufa kwake, ilifumwa kwa hariri picha yake mwenyewe, iliyohitaji kadi zipatazo 24,000. Mwingereza Charles Babbage, aliyebuni mashine za kupiga hesabu, alikuwa na nakala yake. Hariri ile ilimtukuza mvumbuzi. Wafumi wa mji uleule, walioasi mwaka 1831 na tena mwaka 1834 kwa ajili ya ujira, hawakuwamo katika picha.

Ule ulikuwa ufumaji. Darizi ilipata mashine yake kubwa mwaka 1863, pale Isaak Gröbli wa Uswisi alipobuni mtambo ulioshona kwa sindano nyingi kwa pamoja. Baadaye kadi zikatiwa huko pia, na mwisho kompyuta ikachukua nafasi ya kadi. Leo sura ya mwanamke mwenye kilemba na hereni hutariziwa juu ya mfuko wa turubai, mkoba au zawadi ya harusi kwa muda mfupi kuliko wa kupika chungu cha wali na mchuzi.

Hata hivyo, mashine haioni sura. Inajua tu pa kuchoma sindano, pa kukata uzi na pa kubadili rangi. Binadamu ndiye anayeigeuza picha kuwa mishono, pengine makumi ya maelfu. Kilemba ni kazi nyepesi, kwani uzi hufuata mikunjo. Shavu ni kazi ngumu: mishono ikielekezwa upande mmoja tu, uso huwa ubao, ikirundikana mno, kitambaa hukunjamana na sura huzeeka ghafla. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kikifurika, kazi imeharibika.

Na hapo ndipo historia inapogeuka. Khalifa alikuwa na jina bila sura. Viongozi waliochapwa kwenye kanga na vitenge, kama Barack Obama baada ya ushindi wake wa mwaka 2008, walikuwa na jina na sura pamoja. Mwanamke wa mfuko wa mtindo ana sura bila jina: shingo ndefu, midomo iliyokolea, mama wa watu asiyekuwa mtu. Mshonaji wake hana hata sura.

Kama jambo hili ni dogo au kubwa, huonekana vizuri zaidi mbali na pwani. Kata ya Manchira imo katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, karibu na mji wa Mugumu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini katika wilaya hiyo wasichana wameendelea kuukimbia, hasa Desemba, msimu wa tohara. Mugumu wamepokewa katika nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, na ushonaji ni miongoni mwa kazi wanazofundishwa.

Msichana aliyekimbia usiku hana haja ya sura yake kuenea juu ya mifuko ya wageni waendao mbugani. Ana haja ya cherehani, ya ufundi usioweza kunyang'anywa, na ya ujira unaompa kauli pale nyumbani watakapotaka kumwamulia tena. Kwake yeye, kufichwa kwa sura ni usalama, na kujulikana kwa mkono ni riziki. Jina atalitoa mwenyewe, siku atakayotaka.

Mashine haikuiua darizi, wala haina kosa kwa kuwa nyepesi. Kofia ya mashine imewavika wengi wasioimudu ile ya mkono. Kinachodaiwa ni hesabu ya haki. Karakana za tiraz zilijua kutia mahali na mwaka pembeni mwa jina la mkubwa. Ndani ya mfuko mna pindo lisiloonekana, lenye nafasi ya kutosha jina la aliyechora na la aliyeshona, kwa ridhaa yao. Mishono ya kuliandika ni michache kuliko ile ya hereni moja.