Stata ya injini ya boti: hitilafu za umeme

Stata ni mota ya umeme, kwa kawaida ya volti 12, inayozungusha injini ya petroli iliyopachikwa nyuma ya boti mpaka iwake. Mji wa Kolwezi, nchini Kongo, uko mbali na bahari, lakini kaskazini yake kuna ziwa Nzilo, ambako boti hutumika, lililotokea mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto Lualaba ulipozibwa ili kuzalisha umeme wa migodi. Injini ikigoma katikati ya ziwa hilo, kosa la umeme ni suala la usalama.

Kobalti inayochimbwa karibu na Kolwezi huishia katika betri za lithiamu za simu na magari. Lakini betri ya kuwashia boti kwa kawaida ni ya risasi na asidi, haina kobalti. Katika mfumo wa kuwashia, shaba ndiyo inayotawala: nyaya nene, koili za stata, migusano ya rilei. Shaba ikipata unyevu hufanya kutu ya kijani, na kutu hiyo huzuia umeme hata betri inapokuwa nzima.

Kwa hiyo kipimo kitangulie kununua vipuri. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6; ikiwa 12.0, karibu imekwisha. Wakati stata inazunguka, volti zikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Sauti nayo hueleza mengi. Kimya kabisa: kagua fyuzi, swichi ya ufunguo, na gia, kwa kuwa injini nyingi hazikubali kuwashwa nje ya nyutro. Mlio mmoja wa “tak” bila mzunguko: betri dhaifu, nati iliyolegea, waya hasi wenye kutu, rilei iliyoungua au kaboni za stata zilizokwisha. Stata ikivuma peke yake, meno yake hayashiki gurudumu la injini. Ikizungusha vizuri lakini injini haiwaki, tazama kwanza kamba ya usalama ya kuzimia injini: ikichomoka, plagi hukosa cheche.

Vichwa vya betri visafishwe kwa brashi ya waya. Waya hasi ndio unaotangulia kufunguliwa na wa mwisho kufungwa. Moto na sigara vikae mbali, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Injini nyingi ndogo huweza pia kuwashwa kwa kuvuta kamba. Anayevuka Nzilo aibebe kamba hiyo, na ajifunze kuitumia akiwa bado ufukweni.