REALE YA MARIA THERESA: NAMNA TATU ZA SARAFU YA FEDHA

Wekeni daftari tayari, maana leo mna hesabu ndogo. Mwenye sarafu ya zamani nyumbani na ailete mezani tuitazame pamoja.

Chukua mfano huu. Bibi yako amekuachia sarafu moja kubwa nyeupe. Upande mmoja pana sura ya mwanamke mnene aliyejitanda mtandio. Upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Mnunuzi mmoja anakuambia, “Hiki ni chuma chakavu tu.” Mwingine anakuambia, “Hii ina miaka zaidi ya mia mbili, ni mali kubwa.” Yupi utamsadiki? Usimsadiki yeyote mpaka umelisikiliza somo hili.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu mwaka 1740 hadi alipokufa mwaka 1780. Sarafu yake ilipendwa sana na wafanyabiashara wa Uarabuni na Ethiopia, nayo ikafika Oman, Unguja na pwani yetu, ambako wazee waliiita reale. Wafanyabiashara hao hawakutaka sura nyingine. Baadhi yao walitazama kwanza lulu za bizimu iliyo begani. Zikiwa zimefutika, waliikataa. Kwa hiyo, hata baada ya malkia kufa, viwanda viliendelea kuipiga sarafu ile ile, na mwaka ule ule 1780 juu yake. Mwaka 1858 ilikoma kuwa fedha halali katika Austria yenyewe, lakini ilizidi kupigwa kwa ajili ya biashara ya nje. Baadaye ilipigwa pia Rome, London na Bombay.

Basi umeona? Mwaka 1780 hauthibitishi umri wa sarafu yako. Huenda ilipigwa wakati wa babu yako, au hata baada yake.

Sasa tuulize: thamani yake hutoka wapi? Neno letu “fedha” lina maana mbili, yaani madini meupe, na pesa za kununulia vitu. Zamani maana hizo mbili zilikaa ndani ya sarafu moja. Siku hizi zimeachana, na sarafu za madini ya fedha huuzwa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza huitwa buliani. Hii ni sarafu inayonunuliwa kwa sababu ya madini yaliyomo. Mnunuzi hutazama mizani kwanza. Reale ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Ukiigawa sehemu 6 zilizo sawa, sehemu 5 ni fedha safi na sehemu 1 ni shaba. Kwa hiyo fedha safi ni gramu 23 na kidogo. Ukijua bei ya gramu moja siku hiyo, zidisha mwenyewe. Hata kama reale imechakaa, fedha iliyobaki ndani yake ina bei. Ndiyo sababu mafundi wa fedha waliziyeyusha reale nyingi wakafua bangili na mitali.

Namna ya pili ni sarafu isiyotumika. Hii haikupita mikononi mwa watu wala haikukaa mfukoni na funguo. Nywele za malkia na manyoya ya tai bado yanaonekana wazi, wala sehemu zilizoinuka hazikulika. Inaweza kuwa na mikwaruzo midogo ya kugongana na wenzake kiwandani. Hilo si kosa. Lakini sarafu ikishalika, haiwezi kurudi kuwa isiyotumika.

Namna ya tatu huitwa prufu. Wengi hudhani prufu ni sarafu iliyotunzwa vizuri. Sivyo. Prufu ni namna ya kutengeneza. Asili yake ni sarafu ya majaribio, iliyopigwa ili kuukagua muhuri wa chuma. Muhuri hung’arishwa, na kisahani cha fedha hung’arishwa pia, kisha hupigwa kwa nguvu zaidi ya mara moja. Mara nyingi uwanja wake hung’aa kama kioo, na sura iliyoinuka huwa nyeupe kama iliyofifishwa. Prufu ikianguka ikakwaruzika, bado ni prufu, ila iliyoharibika. Nayo sarafu ya kawaida, uisugue mpaka usiku, haitakuwa prufu kamwe.

Nchi yetu nayo imepata kutoa sarafu za namna hizi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za fedha kwa ajili ya hifadhi ya wanyama: ya shilingi 25 yenye twiga, na ya shilingi 50 yenye kifaru. Zilitolewa zisizotumika, na za prufu pia.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, si kila sarafu kuukuu nyeupe ni fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, na zile za tangu mwaka 1948 hazina fedha kabisa. Pili, usiisugue sarafu kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Weusi ulio juu yake ni kazi ya hewa, nao hauipunguzii uzito. Bali ukisugua, unauondoa uso wake wa asili, na mkusanyaji wa sarafu ataukataa mng’ao huo mara moja.

Basi, akija mnunuzi, umwulize: “Unanunua uzito, unanunua hali, au unanunua namna ilivyotengenezwa?” Asiyeweza kukujibu asiondoke na sarafu ya bibi yako.

MASWALI
1. Kwa nini mwaka 1780 hauonyeshi umri wa reale?
2. Reale 12 zina gramu ngapi za fedha safi, ukihesabu gramu 23 kwa kila moja?
3. Eleza tofauti kati ya sarafu isiyotumika na prufu.
4. Jirani yako anataka kuisugua sarafu yake kwa majivu. Utamwambia nini?