Santuri Bila Jina: Jamaa wa Tekno Waliokimbia Kiki

Siku hizi msanii akitaka kuachia ngoma, wiki mbili kabla tunajua kaachana na nani, kagombana na nani, na gari lake jipya lina rangi gani. Sasa njoo kwenye santuri za tekno ya minimali, yaani tekno (muziki, sio yule staa wa Nigeria) iliyopunguzwa mpaka umebaki mdundo, besi na visauti viwili vitatu. Mzigo mpya ukitua kwa ma-DJ, mara nyingi unakuta karatasi nyeupe katikati, muhuri wa namba, basi. Hakuna picha, hakuna jina.

Wengi wanadhani ni mapozi. Kwa baadhi yao ni mapozi kweli, ila mambo hayakuanza hivyo.

Detroit, Marekani, miaka ya 1980. Viwanda vya magari vimepunguza watu, mji unazidi kuwa mtupu. Vijana weusi wa pale, na mashine zao za midundo, ndio walioizaa tekno. Mwaka 1988 kampuni moja ya Uingereza ikatoa mkusanyiko wa ngoma zao na Ulaya ikapagawa. Hela ikaanza kuzunguka huko huko. Ndipo kundi la Underground Resistance likaja na msimamo wake: sura hatuwapi. Wakaficha nyuso, wakatoa santuri zao wenyewe. Kampuni kubwa zinauza sura, kwa hiyo ukizinyima sura zinakosa pa kukushikia.

Berlin nako, ukuta ulipoanguka mwaka 1989, majengo matupu yalikuwa kibao. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ikafunguliwa chini ya ardhi, kwenye vyumba vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani. Santuri ya kwanza ya lebo yake ilitoka kwa jamaa hao hao wa Detroit. Miaka miwili baadaye, watu wawili wa Berlin, mmoja wao mwenye duka la santuri, wakaanzisha Basic Channel. Picha zao hukuziona, na hata jina la lebo walilivuruga mpaka ukaona kama macho yako yana matatizo. Mwaka 1994 jamaa aliyewahi kuwa Underground Resistance akatoa Minimal Nation, na mtindo ukapata ramani yake.

Ukizisikiliza ngoma hizi peke yake sebuleni utahisi kuna kitu kimekosekana. Kimekosekana kweli, maana nusu ya wimbo iko kwenye deki ya pili ya DJ. Kuna hata santuri ambazo mfereji wake hauendi mbele, sindano inazunguka palepale mpaka uinyanyue. Kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Weka midundo minne humo, unapata kama midundo 133 kwa dakika. Hesabu hiyo tu, na watu wanacheza mpaka asubuhi.

Lakini kujificha hakukuwagharimu wote sawa. Wale wa Berlin, kadiri walivyokaa kimya ndivyo heshima ilivyopanda. Wa Detroit walijificha vilevile, halafu wakaja mashabiki wanaoamini kwamba tekno ni muziki wa Wazungu. Mwaka 2024 Ujerumani iliingiza tekno ya Berlin kwenye orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni. Unaweza kuelewa kwa nini kuna watu Detroit walinuna.

Ukibahatika kushika santuri ya zamani ya Detroit, usihangaike na karatasi ya katikati. Iinamishe kwenye mwanga, uangalie pale mfereji unapoishia. Nyingi zimekwaruzwa herufi tatu ndogo, NSC. Ndiyo alama ya fundi wa Detroit aliyeikata.