Saa tatu za Diani: ya Mswahili, ya simu na ya rubani

KATIKA uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda, kilomita chache kutoka ufuo wa Diani, wakati huhesabiwa kwa namna tatu kwa mpigo. Mchuuzi wa madafu aliye nje ya lango atasema ni saa mbili asubuhi. Simu iliyo mfukoni mwake huonyesha 8:00. Rubani anayejiandaa kuruka hunakili 0500 kwenye karatasi zake za safari. Wote watatu wako sahihi.

Balaa huanza pale saa moja inapofasiriwa kwa nyingine bila uangalifu. Tiketi iliyopigwa chapa 07:00 haina maana ya saa saba. Abiria mgeni wa safari za ndege akifika uwanjani adhuhuri, wenzake huwa wamekwisha kushuka Nairobi na kwenda zao. Dawa nazo zina mtego wake. Mgonjwa aliyeandikiwa kumeza tembe "saa 8 na saa 8" alikusudiwa azimeze saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akisoma namba hizo kwa Kiswahili, atazimeza saa nane mchana na saa nane usiku. Muda kati ya dozi hautabadilika, ungali saa kumi na mbili, lakini sasa atalazimika kuamka usiku wa manane, na pengine asiamke. Kwa anayetumia dawa zisizostahimili kurukwa, kama zile za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, hilo si kosa dogo la lugha.

Saa inayofuata jua

Hesabu ya Mswahili ina msingi imara kuliko wengi wanavyodhani. Saa moja asubuhi ni kukamilika kwa saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni kukamilika kwa saa ya kwanza ya usiku. Utaratibu huo hufaa tu mahali ambapo jua halibadilishi sana nyakati zake, na Diani ni mahali pa namna hiyo. Mji huo uko nyuzi nne na ushei kusini mwa ikweta. Mwezi wa Novemba jua huchomoza dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Mwezi wa Julai huchelewa hadi takriban saa kumi na mbili u nusu. Tofauti ya mwaka mzima haifiki dakika arobaini. Jijini London tofauti hiyo hupita saa tatu, na mtu wa huko angejaribu kuhesabu saa zake kutoka mapambazuko angepotea kabla ya mwaka kwisha.

Hata hivyo, saa rasmi ya Kenya si saa ya jua la Diani. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, kipimo kinacholingana na mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita karibu na Mogadishu. Diani iko magharibi zaidi ya hapo, kwa hiyo jua lake huchelewa kwa wastani wa dakika 22. Ndiyo sababu waumini wa Msikiti wa Kongo, uliopo penye mlango wa mto Mwachema, hawasali adhuhuri saa sita kamili. Jua hupinduka baada ya saa 6:05 mwanzoni mwa Novemba, na baada ya saa 6:35 katikati ya Februari.

Kadhalika, kwa desturi ya pwani siku mpya huanza jua linapotua. Kwa mzee wa Msambweni, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mjukuu wake aliyelelewa na kalenda ya simu huuita Alhamisi usiku. Familia zimewahi kukosana juu ya karamu za arusi kwa sababu hiyo. Magazeti hujinusuru kwa kirai "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambacho ni kirefu lakini hakina utata.

Saa za ukutani na za mkononi zilipoletwa kutoka Ulaya, namba 12 ilikuwa juu na ilimaanisha saa sita. Wapwani hawakuiacha hesabu yao. Wako waliotegea akrabu kwa saa ya Kiswahili, na wako walioacha saa ilivyo wakasoma namba iliyo mkabala: akrabu fupi ikielekea 8, jicho huvuka uso wa saa hadi 2. Ufundi huo haukuhitaji hesabu yoyote, maana namba zinazotazamana kwenye duara la saa hutofautiana kwa sita daima. Mtoto aliweza kuujua kabla ya kujua kutoa.

Saa za tarakimu ndizo zilizouharibu. Kioo chake hakina mkabala. Inambidi msomaji atoe sita, au ajumlishe sita, na ikiwa saa inahesabu hadi 24 huenda akatoa mara mbili: 20:00 ukitoa sita ni 14, ukitoa tena kumi na mbili ni saa mbili usiku. Simu zilirithi tarakimu hizo. La kushangaza ni kwamba simu iliyogeuzwa lugha kuwa Kiswahili huandika "Jumatatu" na "Aprili" bila taabu, ila hesabu yake ya saa hubaki ile ile ya Kizungu. Waliotafsiri maneno hawakutafsiri saa.

Saa iliyopanda ndege

Saa ya mkononi yenyewe ina deni kwa urubani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamume wa Ulaya alibeba saa mfukoni, na ile ya mkononi ilionekana pambo la wanawake. Alberto Santos-Dumont, mrushaji ndege kutoka Brazili aliyeishi Paris, hakuweza kuachia usukani ili achomoe saa mfukoni. Mwaka wa 1904 sonara Louis Cartier alimtengenezea ya kufunga mkononi. Wanajeshi kadhaa walikuwa wameanza kufunga saa zao kwa mikanda ya ngozi tangu vita vya Makaburu, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaifanya desturi hiyo kuwa ya kawaida.

Vita hivyo ndivyo vilivyoleta ndege za kijeshi katika pwani ya Waswahili. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam. Mikoko iliifunika, wala Waingereza hawangeweza kuiona kutoka baharini. Mwezi Julai 1915 walileta manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Kazi ya ndege ilikuwa kutazama mahali makombora yalipoanguka na kuwaarifu wapigaji kwa simu ya upepo.

Tarehe 6 Julai mpango huo ulivurugika. Manowari zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na waliokuwa angani hawakuweza kutambua ni lipi kombora la nani, basi masahihisho yao yakawa hayamfai yeyote. Waliporudi tarehe 11 Julai, walipiga kwa zamu. Ndege ilipigwa na Wajerumani ikaanguka mtoni, lakini watu wake walituma masahihisho hadi dakika za mwisho, na Königsberg ikaangamia siku hiyo. Vifaa vilikuwa karibu vile vile katika siku zote mbili. Kilichobadilika ni mpangilio wa nani anapiga lini.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, mchezo huo ulifika jirani kabisa na Diani. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza katika bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, na ndege za majini aina ya Catalina ziliwekwa Kipevu, upande wa bara wa Mombasa. Catalina iliweza kukaa angani zaidi ya saa kumi na tano ikitafuta nyambizi, huku chini hakuna ila maji. Mwelekezaji wa safari alijua alipo kwa kuzidisha mwendo kwa muda, na usiku kwa kupima nyota. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo katika latitudo hizi za ikweta, saa iliyokosea sekunde nne humpotosha msafiri kwa maili moja ya baharini. Iliyokosea dakika moja humpeleka kando maili 15, umbali unaotosha kukikosa kisiwa chenye mafuta ya kurudia nyumbani.

Hapo ndipo ilipotokea sifa moja ya saa za marubani ambayo leo hupatikana hata katika saa za bei nafuu: ukivuta kitufe cha pembeni, mshale wa sekunde husimama. Kikosi kizima kilikaa kitako kabla ya safari, kila mmoja akasimamisha saa yake kwenye dakika waliyokubaliana, mkubwa wao akahesabu, na wote wakasukuma vitufe pamoja. Mwenye saa ya mkononi leo anaweza kufanya vivyo hivyo akiifuatisha mlio wa redio.

Tatizo jingine halikutatuliwa na saa nzuri. Ndege huvuka majira ya nchi kadhaa kwa siku moja, na taarifa ya hali ya hewa isiyosema ni saa ya wapi haina maana. Wanajeshi waliyapa majira ya dunia herufi. Kenya iko katika herufi C, inayosomwa "Charlie". Majira ya sifuri, yale ya Greenwich, yalipewa Z, inayosomwa "Zulu", na urubani wote duniani, wa kijeshi na wa kiraia, ukakubali kuandika kwa Zulu. Jina hilo halihusiani na Wazulu wa Afrika Kusini. Taarifa ya anga ya Mombasa yenye 040500Z ni ya tarehe 4, saa 0500 Zulu, yaani saa mbili asubuhi.

Hapa pana sadfa ya kuvutia. Saa mbili ya Mswahili, saa tano ya Zulu na saa nane ya simu zimepishana kwa tatu tatu. Rubani aliyeketi Ukunda hutumia namba iliyo katikati kabisa ya zile mbili zinazowagonganisha raia nje ya uwanja.

Jeshi ndani ya simu

Siku hizi wengi wa Diani hawavai saa, hutazama simu. Simu hiyo hupata wakati kutoka kwa mtandao wa kampuni, na minara mingi ya simu hujirekebisha kwa setilaiti za GPS, mfumo ulioanzishwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1978, na hadi leo unaendeshwa na jeshi hilo. Kila setilaiti ni saa ya atomu inayotangaza wakati. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 katika sehemu ya milioni ya sekunde, hivyo kipokezi hupima umbali kwa kupima uchelewaji. Hadi Mei 2000, raia walipewa mawimbi yaliyotiwa kosa kwa makusudi.

Mfumo huo nao una kichekesho chake. Huhesabu juma hadi 1,024 kisha hurudi sifuri, kama ilivyotokea saa tisa usiku wa kuamkia Aprili 7, 2019, kwa saa za Kenya. Vipokezi vikuukuu visivyorekebishwa vilijikuta nyuma karibu miaka 20.

Kwa anayeendelea kuvaa saa ufuoni, adui ni mwingine. Maandishi ya "mita 30" kwenye mgongo wa saa hayampi ruhusa ya kupiga mbizi. Ni kipimo cha maabara kinachomaanisha tu kuwa saa itastahimili mvua na kunawa mikono. Saa iliyotiwa maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi ya bomba, vitufe visibonyezwe ikiwa ndani ya maji, na fundi anayebadilisha betri aombwe atie mpira mpya wa kuzuia maji. Ukungu chini ya kioo ni dalili kwamba ule wa zamani umechoka.

Ama kuhusu simu, ipo njia ya kuifanya isome Kiswahili. Hesabu ya Mswahili iko saa sita nyuma ya ile ya Nairobi, na hiyo ndiyo saa ya Ajentina, nchi ambayo kwa miaka mingi sasa haijasogeza saa zake kwa ajili ya kiangazi. (Brazili ya Santos-Dumont, kwa sehemu kubwa, iko huko pia.) Mwenye simu akifungua orodha ya saa za dunia, akaongeza Buenos Aires na kuchagua mtindo wa saa kumi na mbili, ataona 2:00 wakati Diani ni saa mbili, mchana na usiku. Asiguse saa kuu ya simu yenyewe, kwani simu yenye wakati wa uongo hukataliwa na tovuti za benki na huvuruga mpangilio wa ujumbe. Tarehe ya Buenos Aires pia apuuze, maana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri huwa bado ni ya jana. Kengele ya kumkumbusha dawa itaendelea kufuata saa ya Nairobi: aitege 8:00, mara mbili kwa siku.